Fimbo Mbili na Bidoni Sita

Kabla ya mzigo, kabla hata ya kubonyeza matairi kwa kidole gumba, msukumaji wa baiskeli wa Kasongo hutafuta fimbo mbili. Ya kwanza hufungwa kwenye usukani, upande wa kushoto, ikatokeza nje karibu mita moja, ili mtu anayetembea kando aweze kuelekeza gurudumu la mbele bila kuinamia mzigo. Ya pili husimama wima nyuma ya tandiko, imekazwa kwenye bomba la tandiko na kwenye keria. Hiyo ndiyo ya kusukumia mlimani na ya kuzuilia mteremkoni. Mkono wa kushoto hushika ya kwanza, wa kulia hushika ya pili. Kwa fimbo hizo baiskeli huacha kuwa chombo cha kupanda, ikawa mkokoteni wa magurudumu mawili yanayofuatana, mwembamba kiasi cha kupita pale ambapo njia yote ni upana wa unyayo.

Yule niliyemfuata ni mtu wa makamo, si mwingi wa maneno. Vijana wa njiani humwita Yaya, kama kaka mkubwa anavyoitwa Maniema. Fimbo zake huzikata mwenyewe. Huchagua mti ulionyooka, akauweka gotini, akaupinda na kusikiliza. Ukilia, anautupa. Ukirudi taratibu bila mlio, anaumenya ganda lote, maana ganda hukauka, likajitenga na mti, na fimbo ikaanza kuzunguka ndani ya kamba. Kisha huupara kwa kigae cha chupa mpaka usibaki na nundu hata moja. Kiganja chake kitaushika tangu alfajiri hadi jioni, siku baada ya siku; kinundu kisichoonekana asubuhi huwa lengelenge ifikapo saa sita.

Kusini mwa Maniema, mkoa wa mashariki mwa Kongo, kati ya Kasongo na Kabambare, nchi imechanganyika: nyika za majani marefu juu ya vilima, na misitu inayofuata mito mabondeni. Barabara ya magari ipo tangu enzi ya Wabelgiji, lakini mvua za huko huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, nazo hugeuza sehemu zake nyingi kuwa mifereji. Lori likizama, wenye mzigo hulala pembeni yake. Pikipiki zimeingia na zinabeba mengi, ila hunywa petroli, na petroli yenyewe imesafirishwa kutoka mbali. Baiskeli, au kinga kama wenyewe wanavyosema, hailipiwi mafuta, huyabeba. Kwa hiyo mawese, mchele, karanga na unga wa muhogo husafiri kwa kusukumwa, mara nyingi kuelekea upande wa machimbo ya dhahabu ya Namoya na Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, ambako watu wengi hushika koleo badala ya jembe la shamba na hawana budi kununua chakula. Wakati wa kurudi hubebwa chumvi, sabuni na vitenge.

Baiskeli yenyewe ni ile ya chuma tunayoijua wote, ya magurudumu makubwa ya inchi 28 na breki za vyuma virefu badala ya waya. Haina gia. Ikiwa tupu, uzito wake ni karibu kilo 20. Yaya ameibadili kiasi kwamba aliyeiunda asingeitambua upesi. Madigadi ameyang'oa yote mawili, kwa sababu tope la msituni hujaa kati ya digadi na tairi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Uma wa mbele ameuongezea nondo mbili nyembamba, zilizochomelewa kutoka kwenye ekseli hadi juu karibu na usukani, moja kila upande. Keria ya kiwandani aliitoa akaweka ya nondo nene, na chini yake amepitisha ubao mgumu wa kubebea bidoni za pembeni. Spoku amezikaza moja moja. Huzipitia kwa kuzigonga kwa kijiko huku akizungusha gurudumu, akitega sikio: iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko jirani zake. Akiisikia, huigeuza kidogo sana, robo ya mzunguko, akagonga tena.

Mwisho hung'oa pedeli. Hapa mgeni huduwaa, kwani baiskeli bila pedeli ni kitu gani? Lakini katika safari ya kwenda hapandi, na pedeli inayojizungukia kando ya mguu hugonga ugoko kila hatua ya tatu, na pia hula nafasi ya mzigo. Ya kulia huifungua kwa kuzungusha spana kinyume cha saa, kama parafujo zote. Ya kushoto huifungua kwa kufuata saa, maana nyuzi zake zimekatwa kinyume ili mwendo wa mguu usiilegeze. Wanaoanza kazi huharibu nyuzi hizo kwa nguvu zao. Yaya huzifungua zote mbili bila kutazama, akazipaka mafuta, akazifunga ndani ya kitambaa pamoja na spana, pampu, gundi, vipande vya mpira na vijiko viwili vya kutolea tairi. Kifurushi hicho huning'inia mbele, kwenye usukani, mahali ambapo mkono hukifikia hata kwenye giza.

Sasa mzigo. Bidoni ya plastiki ya lita 20 iliyojaa mawese ina kilo 18 za mafuta, na kilo moja hivi ya bidoni yenyewe. Yaya hubeba sita. Hapo ni zaidi ya kilo 110 bila kuhesabu unga wa kula njiani, sufuria na blanketi. Enzi za misafara ya karne ya 19, mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au zaidi kidogo. Mtu mmoja na baiskeli yake huondoka Kasongo na mzigo wa wapagazi watatu na nusu.

Ulinganisho huo una mizizi hapa hapa. Njia ya Kabambare ni ya zamani kuliko baiskeli zote. Misafara iliyotoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe, kwenye Mto Lualaba. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870, na mji huo ulibaki mikononi mwa Waswahili na Waarabu hadi Aprili 1893, ulipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda wao Dhanis. Pembe za ndovu zilipita njia hiyo mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao walikuwa watumwa. David Livingstone alikwama Bambare, yaani Kabambare, kwa miezi mingi mwaka 1870, vidonda vimemla miguu hata asiweze kutembea. Natazama miguu ya Yaya, nyayo zilizopasuka na kuungana tena, na kusema kweli sioni sehemu ya mwili wa mwanadamu inayostahili heshima kuliko hiyo katika nchi hii.

Bidoni hazijazwi ovyo. Ikijazwa hadi mdomoni, jua la mchana huyatanua mafuta, nayo hutafuta pa kutokea kwenye kifuniko. Ikipunguzwa sana, mafuta huyumba ndani, na mawimbi ya lita 20 mara sita yanaweza kuangusha baiskeli kwenye mahali tambarare. Yaya huacha unene wa kidole. Huweka kipande cha nailoni juu ya mdomo, akafunga kifuniko juu yake, kisha huilaza bidoni ubavu na kuiacha huku akishughulika na nyingine. Akirudi hupitisha kidole pembeni mwa kifuniko. Kidole kikitoka kikavu, bidoni iko tayari.

Baiskeli huegemezwa kwenye mti wenye panda, ambao nao utasafiri, umefungwa ubavuni, uwe mguu wa tatu kila watakapopumzika. Bidoni ya kwanza huingia ndani ya pembetatu ya fremu, chini kabisa inavyowezekana. Kisha ya pili upande wa kushoto wa keria, na mara moja ya tatu upande wa kulia, kabla fremu haijazoea kuinama. Ya nne kushoto, ya tano kulia. Ya sita hulala juu ya keria, katikati. Kufungia hutumia mikanda iliyokatwa kutoka mipira ya ndani iliyokwisha kazi, upana wa vidole viwili. Kila mkanda huuvuta mpaka urefu wake unakaribia kuwa maradufu, akauzungusha, akaupitisha chini ya ubao, akaurudisha juu na kuuchomeka chini ya mzunguko uliotangulia. Hafungi fundo. Fundo la mpira likilowa halifunguki, na ikitokea baiskeli inaelekea bondeni pamoja na mzigo, mkanda uliochomekwa hufunguliwa kwa mvuto mmoja. Akimaliza huishika fimbo ya nyuma na kuutikisa mzigo wote. Hasikilizi bidoni, anasikiliza keria. Mara hii kulikuwa na mlio mdogo upande wa kushoto. Alifungua mikanda yote ya upande huo, akaweka kipande cha kandambili kuukuu kati ya bidoni na nondo, akafunga upya toka mwanzo. Jua lilikuwa linazama, na hakuonyesha haraka yoyote.

Huondoka kabla ya mapambazuko, na sababu si baridi peke yake. Mawese huganda nusu kwenye ubaridi wa usiku. Alfajiri huwa mazito, hayatikisiki, na mzigo huwa kitu kimoja na baiskeli. Kufikia saa tano yamekuwa maji. Kwa hiyo sehemu ngumu za njia, Yaya hupanga azipite wakati mafuta bado yamelala.

Hatua ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, maana baiskeli iliyosimama haina msimamo wake yenyewe. Wote inaupata kwa mtu. Kijana anayefuatana naye huondoa mti wa panda. Yaya huegemeza kiuno kwenye mzigo, hupinda magoti, na badala ya kusukuma kwa mikono huacha mwili mzima uanguke polepole kuelekea mbele. Magurudumu hukubali. Baada ya hatua nne au tano mikono yake hulegea, nami nikaelewa jambo ambalo macho yangu yalikuwa yamelikosa: kwenye njia nzuri mtu huyu haishiki baiskeli, anaigusa tu. Ikielekea kulala upande wake, huizungusha fimbo ya usukani kidogo upande huo huo, gurudumu likaingia chini ya mzigo, na mzigo ukasimama. Ni marekebisho madogo mno, mfululizo, mamia kwa mamia. Anayezishika fimbo kwa nguvu huchelewa kuyahisi, na akichelewa anakuwa ameshapambana na kilo 130 zinazoanguka.

Mlimani hesabu hubadilika. Kwenye mteremko unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, mzigo huo pamoja na baiskeli hurudi nyuma kwa nguvu ya kilo 13 hivi, na hiyo ni kabla ya tope na mawe. Mahali panapopanda mara mbili ya hapo, ni kilo 26, bila kupumzika, kwa mtu anayepanda mlima na mwili wake mwenyewe. Yaya hapandi kwa kasi. Hatua zake hufupika mpaka kisigino cha mguu mmoja karibu kiguse vidole vya mwingine, na pumzi huzipanga na hatua. Akiona shina au jiwe lililojitokeza vizuri, huacha gurudumu la nyuma lilivuke kidogo kisha liliegemee kutoka juu. Jiwe huushika mzigo, naye hupumua mara tatu. Ameyajua mawe hayo kwa miaka. Kijana alipotaka kupita pumziko mojawapo bila kusimama, alimwambia tu, "Mdogo, acha baiskeli ipumue," na mdogo akasimama.

Halafu njia huacha majani ya nyika na kuingia msituni, ikishuka kuelekea kijito. Kipande hiki si kirefu. Mwenye mikono mitupu angekimaliza kabla hajachoka kuzungumza. Lakini ndani yake mna kila kitu: mwanzo mkali wa udongo mwekundu unaoteleza, kona mbili kati ya miti, mizizi iliyotambaa ikikatiza njia, kichaka cha mianzi kinachoficha kona ya tatu, na mwisho daraja la magogo. Hapo ndipo nilipokaa kutazama kuliko mahali popote pengine.

Kabla ya kushuka Yaya alisimamisha baiskeli kwenye mti wake wa panda, akashuka peke yake, mikono nyuma. Alikuwa anaisoma njia. Mvua ya usiku ilikuwa imesogeza kokoto na kuacha mfereji mpya kushoto. Aliinua tawi lililoanguka akalitupa, akajaza majani na kijiti kwenye shimo moja, akalikanyaga mara kadhaa. Kisha alirudi juu akabadilisha mpango: kijana alifunga kamba nyuma ya keria na kuizungusha kiunoni mwake, ili awe breki. Breki za vyuma zipo, lakini raba zake zikilowa huteleza kwenye rimu, na kwa uzito huu Yaya huzitumia kama kikumbusho tu. Kinachozuia ni miili miwili.

Walishuka wakiwa wamelala nyuma, visigino vikichimba. Kwenye mizizi ndipo ustadi wake ulipojionyesha wazi. Mzizi uliolowa, ukiukata kwa mshazari, gurudumu huteleza kuufuata, na baiskeli imekwenda. Lazima uukabili uso kwa uso. Lakini mizizi haikulala kwa mpangilio. Mmoja umeelekea huku, mwingine kule. Kwa hiyo kila baada ya mzizi, katika nafasi ya hatua moja au mbili, aliizungusha fimbo ya kushoto akaupanga upya usukani, gurudumu la mbele likaupanda mzizi unaofuata likiwa limenyooka, huku la nyuma bado linavuka ule uliopita. Macho yake hayakuwa kwenye gurudumu. Yalikuwa mbele, mzizi wa tatu au wa nne, kwani wa karibu alikuwa ameshaupanga zamani. Bidoni ya juu, ambayo nilikuwa naitazama kama kipimo, ilikwenda chini ya miti ikiwa imenyooka, haikucheza.

Kwenye kona ya mianzi alitoa mlio mkali kwa midomo, na mlio ukajibiwa kutoka chini. Mwingine alikuwa anapanda. Sheria ya njia ni kwamba anayeshuka na mzigo hasimamishwi, kwa sababu hawezi. Anayepanda hutafuta jiwe lake akasubiri. Walisalimiana bila kugeuza vichwa.

Daraja ni magogo mawili yaliyolazwa sambamba juu ya kijito, moja limechongwa kwa shoka upande wa juu likawa bapa. Baiskeli hupita kwenye hilo bapa. Mtu hupita kwenye la mviringo, akiwa amevua kandambili. Hapo ni lazima mwendo uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukisimama katikati huna pa kuweka mti wa panda, na ukiharakisha gogo huanza kuruka chini yako. Yaya alingoja upande wa huku mpaka pumzi yake ikatulia kabisa. Kisha akaingia. Nyayo zake zilikamata gogo kwa kidole gumba ndani na vidole vinne nje, fimbo ya nyuma ameiegemeza kwenye mbavu, na hatua zake ziliendana hata nikaweza kuzihesabu kwa kichwa kabla hazijaja. Maji yalikuwa yanapita kwa sauti chini. Alitoka upande wa pili, akasukuma hadi kwenye jiwe la kwanza, ndipo akasema na kijana, "Lete panda."

Huko mbele, gurudumu la mbele lilipata mwiba. Hakushusha hata bidoni moja. Kijana aliinua pua ya baiskeli kwa mti wa panda, na Yaya, bila kufungua gurudumu, alichomeka vijiko viwili chini ya ukingo wa tairi akatoa upande mmoja, akauvuta mpira wa ndani nje kama utumbo. Aliutia upepo, akaupitisha sehemu kwa sehemu ndani ya sufuria ya maji mpaka viputo vikatoka. Alikausha, akakwangua kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, akakwangua na kiraka chake pia, akapaka gundi pande zote mbili. Halafu alikaa. Gundi inataka kukauka kabla ya kuunganishwa, na hili ndilo linalowashinda wengi, wakabandika ingali mbichi, kikang'oka baada ya kilomita mbili. Yaya alikaa mpaka akaigusa kwa mgongo wa kidole na isimshike. Ndipo akabandika, akagonga kwa mpini wa spana, akapapasa ndani ya tairi yote kuutafuta mwiba. Aliupata, akauweka mfukoni badala ya kuutupa njiani.

Fimbo hizi mbili hazijavumbuliwa Kasongo tu. Mwaka 1954, kwenye vita vya Dien Bien Phu, maelfu ya Wavietnamu walisukuma baiskeli milimani zikiwa na mchele na risasi, nyingine zikibeba kilo 200 na zaidi, nao walikuwa wamefunga mwanzi mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya tandiko. Sidhani yupo aliyemfundisha mwenzake. Mzigo ni ule ule, njia ni nyembamba vile vile, na mikono ya binadamu ni miwili, hivyo akili zenye subira ziliishia mahali pamoja.

Safari ya kurudi ni habari nyingine. Mzigo ni magunia madogo ya chumvi na katoni ya sabuni. Yaya hufungua kitambaa chake, huzifunga pedeli mahali pake, kushoto kwa kinyume na kulia kwa kawaida, hung'oa fimbo zote mbili na kuzifunga kwenye bomba la fremu. Kisha hupanda. Baada ya siku nyingi za kumwona akitembea, nilishtuka kuuona mwili ule umekaa juu ya kitu unachokijua kwa kiasi hicho.

Upande wa pili wa kijito njia inashuka pia, fupi na yenye mizizi, na hapo alipita akiendesha. Aliziweka pedeli mbili usawa mmoja ili hata moja isigonge shina, akainua makalio kutoka kwenye tandiko kadiri ya kiganja, viwiko vikatoka nje na kulegea. Hakukanyaga pedeli hata mara moja. Baiskeli ilicheza chini yake, kushoto, kulia, juu, huku kichwa chake kikishuka kwa mstari mmoja. Mizizi aliikabili vile vile alivyoikabili na mzigo, uso kwa uso, ila sasa mipangilio ile yote ilifanyika kwa nyonga. Alipofika kwenye gogo alishuka akavuka kwa miguu. Hajawahi, aliniambia, kulivuka akiwa amepanda, wala haoni sababu.

Dunia ina watu wanaosafiri mbali na kulipa fedha nyingi kutafuta njia ya namna hii. Mchezo wa baiskeli za milimani ulipata umbo lake Marin, jimbo la California, ambako tarehe 21 Oktoba 1976 yalifanyika mashindano ya kwanza ya kuteremka njia iliyokuja kuitwa Repack. Vijana wa mashindano hayo nao walitumia baiskeli za zamani, nzito, za chuma. Breki zao za kwenye kitovu cha gurudumu ziliunguza grisi yote kabla ya kufika chini, ikabidi zijazwe upya kila waliposhuka, na njia ikapata jina kwa sababu hiyo. Leo njia zao hupewa alama: duara la kijani kwa rahisi, mraba wa buluu kwa ya wastani, almasi nyeusi kwa ngumu. Kipande cha msitu cha Yaya ningekipa mraba wa buluu kwa anayekishuka bila mzigo. Kwa anayekishuka na bidoni sita hakuna alama iliyochorwa bado.

Na njia za huko zina mafundi wanaolipwa kuzitunza. Hii inatunzwa na wanaoipita. Zamani za ukoloni na baada yake kulikuwa na wafanyakazi wa barabara, makantonye, kila mmoja na kipande chake cha kufyeka na kuchimba mitaro. Ajira hiyo ilififia pamoja na barabara zenyewe. Sasa msukumaji anayeliona shimo hulijaza, anayeukuta mti umeanguka huukata, na gogo la daraja likioza, watu wa kijiji na wapita njia huliangusha jipya na kulichonga. Lile bapa tulilovuka lilikuwa na alama mpya za shoka. Yaya alizipapasa kwa mkono wakati wa kurudi, akasema aliyelichonga amefanya vizuri.

Siku barabara ya Kasongo na Kabambare itakapotengenezwa, na lazima itengenezwe, nina ombi kwa watakaoshika kazi hiyo. Mbao za madaraja zilazwe zikibanana, au zilazwe zikikatiza, kwani mwanya wa vidole vitatu unaokwenda sawa na njia haulitishi lori hata kidogo, lakini humeza gurudumu la baiskeli pamoja na mafuta ya mwezi mzima wa familia. Na pembeni pabaki ukanda wa udongo mgumu, upana wa hatua mbili, usiopitiwa na mtaro.

Nawe msomaji, ukikutana na msukumaji kwenye njia nyembamba, wewe usiye na mzigo ndiwe wa kupisha. Mtu hutembea upande wa kushoto wa baiskeli yake, kwa hiyo akija anakukabili, sogea upande wa mkono wako wa kushoto umwachie wake. Usimsemeshe mpaka afike kwenye jiwe. Ukitaka kumsaidia mlimani, uliza kwanza. Akikubali, sukuma kwenye keria, chini kabisa, na usiishike bidoni ya juu.